Goti la Kushoto

Jumapili mama haendi kiwandani.
Huloweka mikono kwenye beseni la maji ya ndimu;
harufu ya kambare haitoki, anasema, imeshahamia.
Mimi nashika kalamu na bahasha ya bili ya umeme,
nihesabu.

Ahadi ilikuwa hivi: kila mara Cordell Mabry
atakapomwangusha mrusha mpira wa timu pinzani
chali, mpira ungali mkononi,
muhula mmoja wa chuo utalipwa
kwa mtoto mmoja wa Pickens Bend, Mississippi.
Alitia saini kwenye ukumbi wa shule yetu unaovuja.
Nyuma yake kulikuwa na ndoo mbili za kukinga matone.
Gazetini picha ilikatwa, ndoo hazikuonekana.

Basi tukajifunza kushangilia kwa orodha.
Angusho la kwanza, Tavia, binti wa fundi matrekta.
La pili na la tatu siku moja: pacha wa Lumpkin,
baba yao akakimbia barabarani bila shati.
Kanisani, Shemasi Purvis aliomba waziwazi:
“Bwana, mfungulie Cordell upenyo upande wa kushoto.”
Hakuna aliyecheka.
Amina ilisikika hadi kituo cha mafuta.

Mimi nilikuwa wa saba.
Novemba ikaisha na sita.

Sijui kama umewahi kuomba mtu aanguke.
Mrusha mpira wao alikuwa mtoto wa watu;
kamera ilimwonyesha mama yake jukwaani,
skafu hadi puani, anatafuna ukucha.
Nikamwambia kupitia kioo: samahani mama,
leo ni mwanao.

Kule theluji, huku kwetu tope.
Zimebaki dakika mbili. Cordell akazunguka,
kilo mia na thelathini zimeinama
kama mtu apitaye chini ya kamba ya nguo,
akamfikia.
Wakaenda chini pamoja.
Mama akaruka, beseni likapinduka zuliani.
“Wewe!” anapiga kelele. “Huyo ni wewe! Ni wewe!”
Mmoja akainuka.
Hakuwa Cordell.

Walirudia picha ile polepole,
goti likienda kusikoendwa na magoti.
Mara ya tatu mama akazima.
Nje majirani walikuwa bado wanapiga honi
kwa ajili yangu.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru.
Mimi ni kunguru mwenye kitambulisho cha chuo.

Barua ilifika Machi, imepigwa chapa na karani.
Chini kabisa, kwa wino, mkono mzito:
*Wa saba. Soma.*
Muhula mmoja. Mingine nimeilipa
kwa kufua mashuka ya hospitali usiku,
na mama kwa zamu za Jumapili.
Sisemi hivi kwa kulalamika.
Nasema ili hesabu ikae sawa,
maana nimejiuliza, nikikunja shuka la mia mbili:
kwani mlango wa shule una komeo gani
hata ufunguliwe kwa goti la mtu?

Mwaka wa pili, Profesa Haldorsen alituletea goti kwenye sinia.
“Nani anaijua kano hii?”
Niliijua. Nilishaiona ikikatika.
Sikunyoosha mkono.

Kiangazi hiki nilimkuta kituo cha mafuta,
anashuka garini, ametanguliza mguu wa kulia,
uso umekunjamana kama risiti mfukoni.
Nilikuwa na asante niliyoitunza miaka mitatu.
Kilichotoka ni hiki:
“Ukishuka, tanguliza mguu mbovu. Ukipanda, mzima.”
Akanitazama. “Nani kakufundisha?”
Nikatazama pampu.
Nikamwambia petroli imepanda bei.

Akarudi juu ya kiti, mtu mzima yule,
akashika mlango,
akashuka tena, sasa kwa kushoto,
taratibu, huku akihesabu.